Picha mbili za Makka katika nyumba moja ya Kimumu

UKITOKA katikati ya Eldoret kwa matatu ya kuelekea Iten, msomaji mpendwa, usisinzie. Kimumu haiko mbali, na makanga wa barabara hii hawana subira na abiria anayeshtuka usingizini gari likiwa limekwisha kupita kituo chake. Wazee wa hapa watakuambia kwamba zamani safari hii fupi ilikuwa na alama zake. Mji uliishia mahali, mahindi na ngano vikaanza, kisha baada ya mwendo ndipo ukaona tena mabati ya nyumba za watu. Siku hizi hutajua ulipouacha mji. Utaona maduka ya saruji na mbao, mafundi wanaochomelea milango ya chuma kando ya barabara, akina mama waliopanga nyanya na sukuma wiki juu ya magunia, vinyozi, vijana wa bodaboda walioegemea pikipiki zao. Nyuma ya hayo yote utaona nyumba za kukodisha za orofa tatu, nne, tano. Nyingine zimepakwa rangi, nyingine vyuma vyake bado vimechomoza juu vikingoja mwenyewe apate pesa za orofa nyingine.

Baadhi ya wapangaji ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eldoret, kile ambacho kabla ya kupewa hati yake mwaka 2013 watu walikijua kwa jina la Chepkoilel. Alfajiri, kabla wanafunzi hawajaamka, barabara ni ya wanariadha. Utawaona wakipita kwa makundi kando ya lami, mvuke ukiwatoka midomoni, maana baridi ya hapa haina mchezo. Ni barabara, ni uwanja wa mazoezi, na jioni ni soko.

Wala usishangae kwamba kila mtu hapa anazungumza habari za ploti. Eldoret wenyewe ulizaliwa kwa nambari ya shamba. Posta ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910 katika Shamba Nambari 64, na hadi leo wako wanaouita mji huu kwa nambari hiyo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ukapandishwa cheo na kuwa jiji, wa tano nchini. Tangu hapo, ukimsikiza wakala wa mashamba, utadhani kila kipande cha nyasi kimegeuka dhahabu usiku mmoja.

Lakini mimi sikwenda Kimumu kuulizia bei ya ploti, ingawa nilitajiwa bei mara mbili kabla ya kufika nilikokuwa nikienda. Nilikwenda kuona picha. Rafiki yangu alikuwa amenidokezea kwamba mzee mmoja wa hapa, ambaye majirani humwita Alhaji tu, ana picha mbili za Makka sebuleni mwake, na kwamba wageni hubishana kama kweli ni za mji mmoja.

Ya kwanza ni karatasi ya kalenda aliyorudi nayo kutoka Hija mwaka 1993. Tarehe zimekatwa kwa makasi, ikabaki picha peke yake ndani ya fremu ya mbao. Katikati iko Kaaba na kitambaa chake cheusi, waumini wameizunguka, minara imesimama, na nyuma ya minara milima ya mawe yenye nyumba zilizopandana. Juu ya kilima kimoja kuna ngome. Rangi imepauka kwa jua la dirishani. Ya pili aliletewa na bintiye mwaka 2017. Hiyo imechapishwa kwa rangi kali na kutiwa fremu ya dhahabu. Kaaba ni ile ile. Lakini juu yake umeinuka mnara wa saa, mrefu kupita kiasi, umezungukwa na majumba mengine marefu kama ndugu zake, na usiku wa picha hiyo umejaa taa.

"Haya, binti yangu, wewe una macho mazima," Alhaji aliniambia baada ya chai. "Nionyeshe mlima."

"Mlima gani, Alhaji?"

"Huu." Aliweka kidole juu ya kalenda. "Sasa nitafutie hapa." Kidole kikahamia kwenye picha ya bintiye.

Sikuuona. Hata wewe hutauona, kwa sababu haupo tena. Ngome ile iliitwa Ajyad. Ilijengwa na watawala wa dola ya Uthmaniya mnamo mwaka 1780, juu ya kilima cha Bulbul, ili kuulinda mji. Januari 2002 ilibomolewa na kilima chenyewe kikasawazishwa. Uturuki ililalamika kwa maneno makali. Saudi Arabia ikajibu kwamba nafasi inahitajika kwa ajili ya mahujaji. Mahali hapo ndipo yalipojengwa majumba ya Abraj al-Bait, yaliyokamilika mwaka 2012. Mnara wa saa una urefu wa mita 601. Ukitaka kukadiria, jumba la KICC la Nairobi ni mita 105 tu, kwa hiyo ungelazimika kupandanisha KICC karibu sita. Uso wa saa yenyewe una upana wa mita 43. Ndani mna hoteli na maduka, na mradi wote umewekwa wakfu ili mapato yake yasaidie misikiti miwili mitukufu ya Makka na Madina.

Asiyekuwa Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka, na Waislamu wengi nao hufariki bila kujaaliwa nauli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia imeujua mji huo kwa picha tu. Muda mrefu kabla ya kamera, mafundi wa Uturuki walichora Kaaba na nguzo za msikiti wake juu ya vigae vya kubandika ukutani. Mmisri mmoja afisa wa jeshi, Muhammad Sadiq, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880. Miaka michache baadaye daktari mmoja mwenyeji wa Makka, Abd al-Ghaffar, alipiga picha za mji wake na za mahujaji waliofika kutoka pande zote. Picha zake zikachapishwa Ulaya na mtaalamu wa Kiholanzi aitwaye Snouck Hurgronje.

Nimemtaja daktari huyo kwa makusudi, maana msanii wa siku hizi aliyeifuata habari ya kilima kilichopotea kuliko mwingine yeyote naye ni daktari. Jina lake ni Ahmed Mater, Msaudi aliyezaliwa Tabuk mwaka 1979 na kukulia Abha, kusini mwa nchi hiyo. Huenda umewahi kuiona kazi yake moja bila kujua ni ya nani. Alichukua sumaku nyeusi ya umbo la mchemraba, akaizungushia unga wa chuma, ule unga ukajipanga duara kama watu wanaotufu. Kisha akaipiga picha. Hayo tu. Aliiita Magnetism, na mwaka 2012 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Hija ya British Museum mjini London. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aliyewahi kumwaga unga wa chuma karibu na sumaku katika maabara ataielewa papo hapo.

Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, si nyepesi hivyo. Kwa miaka mingi alikwenda Makka tena na tena akipiga picha za mji unaobomolewa na kujengwa upya. Kitabu chake, Desert of Pharan, kilitoka mwaka 2016, na mwaka 2017 picha hizo zikapelekwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn, Marekani. Humo utaona kreni za ujenzi zimeuzunguka msikiti pande zote, nyingi kuliko minara. Utaona chumba cha hoteli chenye kitanda kizuri na dirisha linalotazama Kaaba kutoka juu. Utaona mitaa ya zamani nusu imesimama, nusu ni kifusi. Alikusanya hata madirisha ya nyumba zilizobomolewa. Nyumba za kale za Makka na Jeddah zilikuwa na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, yenye nakshi, ambayo wenyewe huyaita roshan. Neno hilo lilishuka pwani yetu zamani, nasi tunasema roshani bila kukumbuka lilikotoka.

Lakini mimi, ukiniuliza, ningeacha picha zote hizo nikatazama filamu moja fupi. Mater aliomba vipande vya video ambavyo vibarua wa ujenzi walijipigia wenyewe kwa simu zao, akaviunganisha. Hawa ni watu waliotoka mbali kutafuta riziki, ambao hakuna kalenda itakayowaonyesha. Katika kipande kimoja kibarua ameikalia hilali ya dhahabu, ile ya kuwekwa kwenye kilele cha mnara wa saa, nayo inapandishwa na kreni angani, chini yake mji umekuwa mdogo kama sahani. Hakuna maelezo. Hakuna anayelaani wala anayesifu. Nilipoitazama mara ya kwanza nilishika kiti kwa hofu.

Nilimweleza Alhaji hayo yote nikitarajia atasikitika. Hakusikitika vile nilivyodhani.

"Mlima ule naukumbuka," alisema. "Nikitoka msikitini nilikuwa nikiutazama ili nisipotee, maana mimi kusoma ishara za Kiarabu za barabarani sikuweza. Lakini nikuulize, mwanangu. Watu wale wote walale wapi? Sisi mwaka ule tulilala chini, miguu ya huyu kichwani kwa yule."

Hoja yake ina uzito. Mwaka 2012 mahujaji walipita milioni tatu. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Wote hao hufika mji mmoja, mwezi mmoja, siku zile zile, na bonde la Makka halikuongezeka hata hatua moja. Anayetaka kuwalaumu wajenzi na aseme kwanza angewaweka wapi mahujaji. Jambo moja tu hoja hiyo haikulijibu, nalo ni kwamba anayelala katika chumba chenye dirisha la Kaaba si yule aliyelala miguu kichwani mwaka 1993. Mkongwe wa kijijini anayekusanya shilingi zake miaka ishirini hulala mbali zaidi na msikiti kuliko alivyolala Alhaji.

Nikatazama dirishani. Nyuma ya nyumba ya Alhaji linapanda jumba lake jipya, orofa ya nne sasa, vyumba vya kukodisha wanafunzi. Limejengwa hadi mpakani, ukuta kwa ukuta na jirani.

"Na hapa, Alhaji, palikuwa na nini?"

Alicheka. "Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza mpira. Haya, na wanafunzi nao walale wapi?"

Ploti ni yake, ana hati, na watoto hawakuwa na haki ya mpira pale ila kwa hisani yake. Sheria iko upande wake na njaa ya vyumba iko upande wake. Ila zidisha kisa hicho kwa kila ploti ya Kimumu. Shamba moja la zamani hugawanywa vipande vya futi 50 kwa 100, kila mwenye kipande ana sababu njema, hakuna hata mmoja aliyenyang'anya mtu. Siku moja mtaa mzima unaamka na kukuta hakuna mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kukimbilia barabarani. Mlima ule wa Makka uliondolewa kwa amri, watu wakaona, mataifa yakagombana. Wa kwetu huondoka futi kwa futi na hakuna gazeti linaloandika.

Tembea mwenyewe ukitaka kuhakikisha. Nilifuata watoto watatu waliokuwa na mpira wa makaratasi ili nione wanakokwenda. Walijaribu ploti moja yenye msingi uliochimbwa, wakafukuzwa na mlinzi. Walijaribu uchochoro, mama mmoja aliyeanika nguo akawakemea. Wakaishia kwenye ukingo wa barabara ya Iten, malori yakipita hatua chache kutoka kwao.

Usiniambie kwamba Wakenya hawajali. Mwaka 1989 serikali ilitaka kuinua jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alisimama karibu peke yake, akatukanwa hata bungeni, lakini jumba hilo halikujengwa, na familia zako na zangu bado zinaweza kuketi kwenye nyasi zile. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kama njugu. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walitupiwa vitoa machozi kwa sababu ya kudai uwanja wao wa michezo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imetaja ni ipi ardhi ya umma. Vita hivyo, hata hivyo, vilikuwa vya ardhi iliyokuwa ya umma tangu awali. Kwenye shamba la mtu lililogawanywa na mwenyewe, nani atapigania kiwanja ambacho hakikupimwa kamwe?

Katika jumba la Alhaji lililokamilika zamani kidogo, lile la mbele, nilikutana na mpangaji mmoja mwanafunzi kutoka Lamu. Aliposikia ninazungumza habari za miji mitakatifu na ujenzi, alitabasamu. "Dada, mbona uende mbali hivyo?" akasema. "Njoo kwetu Mfungo Sita."

Anasema kweli. Hapa kwetu hakuna mji unaokaribia heshima hiyo kama Lamu, hasa wakati wa Maulidi, ambapo wageni hufurika kutoka pwani nzima na ng'ambo. Msikiti wa Riyadha ulijengwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija. Aliujenga upande wa Langoni, ukingoni mwa mji, kulikokaa watu ambao waungwana wa mitaa ya mawe hawakuwahesabu sana. Hadi leo shughuli za Maulidi humwagika nje ya msikiti, kwenye uwanja wake, na maandamano ya ziara hupita hadi makaburini na kurudi kando ya bahari. Kuna mashindano ya punda na ya mashua. Uwanja mwingine, Mkunguni, uko mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821. Ngome hiyo ilikuwa jela hadi mwaka 1984, na sasa iko chini ya Makavazi ya Taifa. Kwa hiyo Lamu ina ngome yake na ina kiwanja mbele ya ngome. Makka haina tena.

Si bahati tu. Msanifu majengo kutoka Iraq, Usam Ghaidan, aliutembea mji huo nyumba kwa nyumba akichora ramani na kuta zake, na mwaka 1975 akachapisha kitabu juu ya mji wa Lamu. Michoro hiyo iliwafumbua macho waliokuwa wakiiona mitaa ile kuwa vichochoro tu. Mwaka 1986 mji wa kale ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mashaka hayajaisha, bila shaka. Gati la kwanza la bandari mpya lilizinduliwa Mei 2021, na anayejua bei ya ploti za Lamu leo ataona kwamba tofauti na Kimumu ni chumvi hewani tu.

Yule kijana alinichorea kwa kalamu nyuma ya daftari. Hii ndiyo daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Hapa mgeni huketi bila kuingia ndani na mpita njia hupumzika. Hii ni wikio, chumba kinachovuka juu ya barabara kutoka nyumba hadi nyumba, kikiacha kivuli chini kwa kila mtu. Nyumba ni ya mtu, lakini kipande chake cha mbele kimeachiwa mji. Kisha akaelekeza kalamu kwenye jumba tulimosimama. Mlango wa chuma, ngazi, vyumba. "Hapa ukitaka kuzungumza na mwenzako unakaa kwenye ngazi," alisema, "na kila anayepita anakuruka."

Wapangaji wamejitafutia dawa. Nje ya geti, kwenye ukanda wa barabara usio wa mtu, wameweka matofali manne yaliyobaki ya ujenzi na ubao juu yake. Jioni niliyokuwapo waliketi watano, muuza njugu wa sita, na wale watoto wa mpira wa makaratasi wamejibanza pembeni wakingoja mtu aondoke. Niliuliza kama mwenye nyumba amekubali. Wakaniambia kwamba ubao wenyewe waliupewa naye.